Altrasaundi ya Mimba Changa: Mambo Utakayokutana Nayo

Studioni tunaulizwa sana kama altrasaundi ina mionzi. Haina. Mashine hutumia mawimbi ya sauti, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24.

Ukipimwa juu ya tumbo, utaambiwa unywe maji na usiende haja ndogo. Kibofu kikijaa, mfuko wa uzazi huonekana vizuri. Utapakwa jeli, na ni ya baridi kweli. Mimba ikiwa changa sana, kipimo huweza kupitia ukeni, na hapo kibofu kiwe kitupu. Uliza kwanza, na ukitaka mhudumu wa kike awepo, sema.

Kubwa linalotafutwa ni mimba imetunga wapi. Ikitunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kupasua mrija na kumuua mama. Kwa hiyo tunasisitiza: maumivu makali ya tumbo, kutokwa damu au kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kipimo.

Mapigo ya moyo huanza kuonekana wiki ya 6 au 7. Yasipoonekana, huenda tarehe zilihesabiwa vibaya. Mara nyingi utaambiwa urudi baada ya siku 7 hadi 14. Jinsia? Bado mapema mno.