Simu ya Ofisini na Bei ya Kilobiti

Ofisi ya Nairobi ikiipigia ya London kwa intaneti, kodeki ndiyo inayogeuza sauti kuwa namba, kisha kuzirudisha kuwa sauti. Ipi ichaguliwe? Kwa miaka mingi, jibu lilitegemea bei ya laini.

G.711, ya mwaka 1972, hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8. Jumla: kilobiti 64 kwa sekunde. Sasa kumbuka kwamba kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya kwenda nje ilipita kwenye setilaiti, na kila kilobiti ilikuwa pesa. Hapo G.729 ya 1996 ilionekana mkombozi: kilobiti 8 tu!

Lakini piga hesabu vizuri. Sauti husafiri kwa pakiti, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila pakiti hubeba baiti 40 za anwani na maelekezo. Hizo ni kilobiti 16 za ziada. Yaani bahasha ina uzito mara mbili ya barua! Kwa hiyo laini ya kilobiti 256 hupitisha simu 10 za G.729, siyo 32. Za G.711 ni 3 tu.

Na zote mbili hukata sauti nyembamba, ndiyo maana "sisi" huweza kusikika kama "fisi". Opus, ya 2012, hubeba sauti pana, hubadilisha kasi kulingana na laini, na haina ada ya leseni. Leo basi, kabla ya kubana sauti, pima laini yako kwanza. Huenda unabana bure.