Dawa ya Mafua na Usingizi Wake

Leo tunazungumzia kidonge cha mafua na mwasho ambacho wengi wetu tunakiita Piriton. Je, mbona kinaleta usingizi?

Mwaka 1937 mjini Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wa Taasisi ya Pasteur walipata kitu kinachozuia histamini. Histamini ni kemikali ya mwili inayoleta chafya na mwasho. Kitu hicho cha kwanza kilikuwa sumu mno kwa binadamu, lakini kilifungua njia. Mwaka 1942 dawa ya aina hiyo ilianza kupewa wagonjwa Ufaransa, na mwaka 1946 difenhidramini ikaanza kutumika Marekani. Bovet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Lakini wagonjwa walisinzia. Sababu ni kwamba histamini hiyo hiyo, ikiwa ndani ya ubongo, ndiyo hutusaidia kukaa macho. Dawa hizi za zamani huingia ubongoni na kuizuia huko pia. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu difenhidramini iuzwe kama dawa ya usingizi. Baadaye zikaja loratadini na setirizini, ambazo haziingii ubongoni sana. Hata hivyo, setirizini bado huwasinzisha watu wengine.

Kwa hivyo mama, baba watoto akimeza dawa ya zamani asipande bodaboda wala kushika usukani. Hata asiposikia usingizi, mikono na macho yake yanaweza kuchelewa. Akiongeza pombe, hatari inazidi. Dawa ya usiku nayo inaweza kubaki mwilini hadi asubuhi. Wewe pia jihadhari na cherehani, panga na sufuria ya moto.

Na watoto je? Mwaka 2004 Marekani ilionya kwamba promethazini isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuzuia pumzi yake. Tafadhali, usimpe mtoto dawa ya mafua ili alale upate kufanya kazi.

Ukienda zahanati au duka la dawa, taja kazi yenu, kisha uliza: "Dawa hii inaleta usingizi? Kuna nyingine?" Usione haya, ni haki yako.