Mali Kauli: Mkopo wa Kijana Asiye na Kitu, Maskati na Unguja

Mali kauli ni bidhaa anayopewa mtu kwa neno lake tu. Anaichukua leo, anakwenda kuiuza, analipa akirudi. Msamiati huu umo katika kamusi, lakini tulipoulizana chamani ni nani amewahi kuusikia ukitumika, walioinua mikono walikuwa wale waliolelewa na bibi zao. Wengine waliijua shughuli yenyewe kwa sura ya siku hizi: kijana anapewa pikipiki, anaifanyia kazi, analipa kidogo kidogo.

Pikipiki ya kwanza ni jambo linalowashughulisha wengi wa rika letu, hapa Maskati na kwetu Afrika Mashariki. Unaitaka ya kwendea masomoni au ya kutafutia riziki. Huna mshahara, huna kiwanja, na hakuna benki iliyowahi kukuandika katika daftari lake. Hapa Oman kuna kituo kinachotunza taarifa za mikopo ya watu, nacho kinaitwa Mala'a, neno la Kiarabu lenye maana ya uwezo wa kulipa. Kijana ambaye hajakopa hata siku moja hana historia ya kuonyesha humo. Ni kama kuambiwa kwamba ili ukopeshwe, sharti uwe umekwisha kukopeshwa. Wengi huliona hili kuwa tatizo la zama za kompyuta. Sisi tunaona ni la zamani, na kwamba wazee wa pande mbili hizi za bahari walikwisha kulitafutia dawa, nyingine nzuri na nyingine chungu sana.

Turudi karne ya 19. Kijana wa bara ya Oman, tuseme wa Ibra, anatoka kwenye mitende michache isiyotosha kugawanywa baina ya ndugu. Anateremka Matrah, anapanda chombo wakati wa kaskazi, anashuka Unguja hana kitu. Seyyid Said alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake huko. Baada ya kifo chake mwaka 1856 dola iligawanyika, na uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1861 ukaitaka Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hesabu hiyo yatuonyesha utajiri ulikuwa umehamia wapi, na kwa nini vijana waliufuata.

Sasa huyu kijana anataka kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Anahitaji nguo, shanga na masango ya kubadilishana njiani, na wapagazi wa kuyabeba. Mwenye mali hiyo ni mfanyabiashara wa Kihindi, Banyani au Khoja. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, na Ludha Damji aliisimamia. Taria Topan naye alikuwa Khoja aliyepanda hadi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji. Watu hawa hawakumuuliza kijana kuhusu mshahara. Waliandika waraka. Ndani yake mlikuwa na jina la mkopaji, jina la baba yake, nisba ya kabila lake, kiasi anachodaiwa, na muda. Mara nyingi deni lilihesabiwa kwa frasila za pembe, kila frasila kama kilo 16. Nisba ilifanya kazi ya mdhamini: anayejulikana kuwa ni mtu wa watu fulani, hao watu fulani wanaweza kufuatwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliyeacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Wanachama wenzetu humsoma kwa ajili ya lugha. Tunawashauri wamsome pia kwa ajili ya madeni. Alianza akiwa na umri wa miaka 12 kwa safari fupi za sandarusi. Alipokuwa mtu mzima alichukua bidhaa kwa wakopeshaji wengi, kisha Taria Topan akamkopesha mali nyingi peke yake. Ludha Damji alishangaa, na mshangao wake una maana, kwani anayekopeshwa hakuwa na shamba wala nyumba Unguja. Tippu Tip mwenyewe anakiri hivyo katika kitabu, kisha anaongeza kuwa mkewe, bint Salum bin Abdallah wa Kibarwani, alikuwa na mali nyingi Unguja na Maskati. Basi hata hii mali kauli iliyosifiwa sana ilikuwa na mitende ya mke nyuma yake, ng'ambo ya bahari, hata kama haikuandikwa rehani. Tippu Tip aliondoka karibu na mwaka 1870, hakurudi Unguja hadi 1882. Mkopeshaji gani leo angengoja hivyo?

Tusiisifu subira hiyo bila kuuliza nani aliilipia. Pembe hazikuota mitini. Zilitoka Manyema na kwingineko, kwa biashara pale ilipowezekana na kwa bunduki pale ilipobidi, na watu walitekwa, wakabebeshwa, wakauzwa. Mwenye deni Unguja asiyeweza kurudi mikono mitupu alikwenda mbele zaidi, kwenye vijiji ambavyo havikuwa vimeingia katika waraka wowote. Mkopo wa kuaminiana baina ya watu wawili mjini uligeuka msiba kwa watu wa tatu, ambao hawakuulizwa neno. Mwanahistoria anayeacha sehemu hii anahesabu upande mmoja wa daftari.

Kwa mwenye kitu kidogo, kulikuwa na njia nyingine: bei ya khiyari. Neno letu "hiari" limetoka hapo hapo. Tuseme una mitende, au zamu yako ya maji ya falaji huko Oman, au mikarafuu Unguja. Unaiuza kwa riale 100, na mkataba unakupa hiari ya kuirudisha ukilipa hizo 100 ndani ya muda mliopatana. Wakati huo huo mnunuzi anakukodisha kile kile ulichomuuzia, nawe unaendelea kuchuma na kulipa kodi. Hakuna aliyetaja riba. Wanavyuoni walibishana kama hii ni biashara halali au riba iliyovishwa kanzu, na kwa maoni yetu wenye shaka walikuwa na hoja nzito. Hata hivyo mkataba ulikuwa na kitu kimoja kizuri: haki ya kukomboa iliandikwa wazi, pamoja na tarehe yake.

Tarehe hiyo ndiyo iliyoumiza. Ikipita, mali imekwenda. Unguja na Pemba, madeni ya wenye mashamba ya mikarafuu yaliongezeka mpaka serikali ya Waingereza ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isihame mikononi mwao, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua karafuu kwa sababu ya sheria za kipindi hicho. Deni la mtu mmoja mmoja lilikuwa limekuwa siasa ya nchi nzima.

Hapa Maskati benki ya kwanza ya kisasa ilifunguliwa mwaka 1948, ya Waingereza, ikakaa peke yake kwa miaka 20. Mwaka 1970 barabara za lami nchini zilikuwa kama kilomita 10 tu, kwa hiyo wa kukopa kwa ajili ya chombo cha magurudumu hakuwa na pa kukipeleka. Baada ya hapo wakaja jamaa zetu kutoka Unguja na bara, wengi wao wameacha kila kitu nyuma tangu Mapinduzi ya 1964. Nao hawakuwa na mitende. Walikuwa na vyeti na Kiingereza, wakapata kazi za ofisini, na mshahara ukachukua mahali pa nisba. Tangu hapo kijana asiye na mshahara ndiye mtu asiye na kabila, kwa maana ya mkopeshaji.

Mwaka 2013 ilianza kazi Bank Nizwa, benki ya kwanza ya Kiislamu nchini. Benki za namna hii hutumia ijara inayoishia kwenye umiliki: benki inanunua chombo, inakukodisha, na mwisho kinakuwa chako. Anayeijua bei ya khiyari atatambua ndugu yake, ingawa safari imegeuzwa: kule ulianza na mali, huku unaanza bila kitu.

Ndugu wa tatu yuko Dar es Salaam, naye huitwa "mkataba" tu. Mwenye fedha ananunua pikipiki, kadi inabaki kwa jina lake. Dereva wa bodaboda analeta hesabu ya kila siku, mara nyingi kama shilingi 10,000, kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha anakabidhiwa. Hakuna benki, hakuna mshahara. Kuna mdhamini, mara nyingi mjomba au jirani. Ni mali kauli kabisa, na imewapa kazi vijana wengi ambao benki isingewafungulia mlango.

Mwanachama mmoja alituletea nakala ya mkataba wa mdogo wake, tukausoma kwa pamoja kama tunavyosoma nyaraka za zamani. Ni ukurasa mmoja. Hesabu ya siku imo, sahihi ya mdhamini imo, na imeandikwa kwamba dereva akikosa kuleta hesabu siku 7 mfululizo, pikipiki inarudi kwa mwenyewe. Tulitafuta sentensi inayosema yale aliyokwisha kulipa kwa miezi 10 yatakuwaje, au kwamba anaweza kuikomboa akipata fedha wiki ya pili. Haimo. Tumemwandikia mdogo wetu huyo sentensi mbili za kumpelekea mwenye pikipiki, kabla hajatia sahihi.