Romingi: Neno na Mpaka

Neno la Kiingereza roaming, ambalo kwetu hutamkwa romingi, asili yake ni kutangatanga. Katika simu za mkononi, maana yake ni laini ya nyumbani kutumia mtandao wa ugenini. Tunduma, mkoani Songwe, maana hizo mbili hugongana. Mpaka unaoitenga na Nakonde ya Zambia ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Wanyamwanga wakabaki pande zote mbili. Leo mnara wa jirani ukiidaka simu yenye huduma hiyo, mwenyewe huhesabiwa msafiri na huweza kutozwa kama mgeni, ilhali hajaondoka barazani pake. Kumwita mtangatangaji ni kusahau kwamba kilichohamia hapo ni mpaka.