Fumbo mama

Barabara ya lami inayotoka Nzega inagawanyika Tinde. Mkono mmoja unakwenda Shinyanga na Mwanza, mwingine unashika Isaka na Kahama, na mbele ya hapo malori huelekea Rusumo na Kabanga, mipakani mwa Rwanda na Burundi, au hukata kwenda Geita kwenye dhahabu. Kwa mchuuzi wa mitumba anayezungukia minada na magulio, Tinde ni pazuri pa kuweka stoo. Kupanga safari ndiyo shughuli.

Tuseme ana vituo kumi vya kupitia, kama Isaka, Kagongwa, Kahama, Nzega, Shinyanga, Mwadui na vingine, kila kimoja mara moja, kisha arudi Tinde. Mipangilio inayowezekana ni 3,628,800. Vituo vikifika 20, mipangilio inapita bilioni 2.4 mara bilioni moja. Kompyuta inayokagua mipangilio bilioni moja kwa sekunde itakesha miaka 77 hivi kabla ya kuimaliza. (Anayeijua Shinyanga atasema lami yenyewe ni chache, na ukiifuata hiyo tu hakuna fumbo, kwa sababu karibu kila safari inarudi kupitia njia panda zile zile. Kweli. Lakini mchuuzi wa leo ana pikipiki, na pikipiki haiulizi lami iko wapi.)

Mafumbo ya namna hii ndiyo Lance Fortnow, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliyoyaandikia kitabu cha watu wa kawaida, The Golden Ticket, kilichotolewa na Princeton University Press mwaka 2013. Kilichipuka kutoka makala yake ya 2009 kuhusu swali la P na NP, iliyosomwa na wengi kuliko kawaida ya makala za nadharia. Jina la kitabu linatokana na hadithi ya watoto ya Roald Dahl: tajiri mmoja ananunua shehena ya chokoleti na kuwaamuru wafanyakazi wa kiwanda chake wazifungue moja moja, mpaka ipatikane ile yenye tiketi ya dhahabu.

Lipeleke jina hilo Geita, kila mtu atadhani ameshaelewa. Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, unaweza kuchimba miezi usione kitu, ila ukishakipata, mnunuzi atakipima papo hapo na kukuambia kama ni dhahabu au umebeba jiwe. Kupata ni kazi, kuhakiki ni dakika. Hapo mfano unafaa. Unapopotosha ni kwingine: mchimbaji hajui kilichomo chini ya mwamba, wakati katika fumbo la mchuuzi hakuna kilichofichwa. Majina ya vituo yapo, kilomita zipo, vyote vimeandikwa kwenye karatasi moja. Kinachomshinda mtu ni wingi wa kuhesabu. Ndiyo maana mtaalamu wa hisabati anayetafuta jibu la fumbo hili hawezi kujitetea kwa kusema hana bahati.

Sasa herufi zenyewe. P ni kundi la mafumbo yanayotatulika upesi. Upesi hapa una maana yake maalumu: ukilikuza fumbo mara mbili, kazi inaongezeka kwa kiasi kinachojulikana, labda mara nne au mara nane, lakini haipandi kwa kasi isiyoshikika. Kupanga majina kwa alfabeti kumo. Kutafuta njia fupi kati ya miji miwili tu kumo pia. Edsger Dijkstra alibuni mbinu yake mwaka 1956 akiwa amekaa mkahawani Amsterdam, akaichapisha 1959. NP ni kundi la mafumbo ambayo jibu lake, ukishapewa, linahakikika upesi. Uliza: ipo njia ya kupita vituo vyote 20 isiyozidi kilomita 900? Mtu akikuletea njia yake, unajumlisha kwa kalamu na daftari, umemaliza. Kuipata hiyo njia ni habari nyingine. Swali kubwa ni kama makundi haya mawili kumbe ni moja. Taasisi ya hisabati ya Clay iliweka dola 1,000,000 mwaka 2000 kwa atakayelijibu, na fedha hizo hazijachukuliwa. Fortnow, kama wenzake wengi, anaamini makundi ni mawili, ingawa sura moja ya kitabu chake inachora dunia ambamo ni moja, ambamo tiba na ratiba na tabiri za hali ya hewa zinapatikana kirahisi. Katika dunia hiyo siri nyingi zinazolinda miamala ya fedha kwenye simu zingekuwa wazi pia.

Tatizo letu waandishi wa Kiswahili linaanzia kwenye jina. Kirefu cha NP kinahusu mashine ya kufikirika ambayo, kila ifikapo njia panda, hubahatisha mkono ulio sahihi, na hufika mwisho kwa muda unaopimwa kwa polinomia, yaani upesi kwa maana ile ya P. Hata wanaozungumza Kiingereza huikosea N, wakadhani ni ya kukanusha, kwamba NP ni mafumbo yasiyotatulika upesi. Tukitafsiri kirefu hicho neno kwa neno tutapata mkia wa maneno matano, na kosa litabaki pale pale. Wakemia wetu hawakutafsiri alama za elementi. Nasi tubaki na P na NP, kisha maelezo yake yategemee kiambishi ambacho Kiswahili kinacho tayari: la P *linatatulika*, la NP *linahakikika*. Uhakikikaji, nakubali, ni neno la kumvunja mtu meno. Basi tulitumie kama kitenzi, tuwaachie wengine nomino.

Kazi ngumu zaidi ni ile istilahi ya tatu. Mwaka 1971 Stephen Cook alionyesha kwamba lipo fumbo moja ndani ya NP linalobeba mengine yote: ukilitatua hilo upesi, umeyatatua yote. Leonid Levin alifikia jambo hilo hilo upande wa Kisovieti, akalichapisha 1973. Katikati yao, mwaka 1972, Richard Karp alitoa orodha ya mafumbo 21 yenye tabia hiyo, na swali la kuzungukia vituo vyote mara moja moja lilikuwamo. Ila jina lililokubaliwa na wote halikuwapo. Donald Knuth akawaandikia wenzake, akiwapendekezea majina na kuwaomba kura. Matokeo aliyachapisha Januari 1974, na yanachekesha: mmoja alitaka mafumbo hayo yaitwe kwa jina la yai lililochemshwa likakakamaa, kwa heshima ya Cook, maana jina hilo kwa Kiingereza ni mpishi, mwingine alitaka herufi za Kiingereza za pato la taifa, GNP, kwa kuwa kuyatatua huenda kungegharimu zaidi ya hilo. Lililoshinda ni lile linalosema fumbo ni la NP na limetimia.

Tukisema *kamili*, msomaji wa Kiswahili atafikiri fumbo halijapungua sehemu. *Timilifu* linasikika kama sifa ya mcha Mungu. Napendekeza *fumbo mama*. Tunasema kampuni mama kwa ile yenye nyingine chini yake, na katiba tunaiita sheria mama kwa sababu nyingine zote zinaegemea hapo. Msomaji hahitaji kufundishwa upya. Wingi wake ni mafumbo mama, na yapo maelfu, jambo ambalo mtu anaweza kulipinga: mama huwa mmoja. Lakini kampuni mama nazo ni nyingi, na hakuna aliyelalamika.

Yapo na mafumbo mazito kuliko haya, au angalau yasiyopungua uzito wake, ambayo hata kuhakiki jibu lake upesi hatujui. Hayo ningeyaita *mafumbo mazito* tu, na mchuuzi wa Tinde analo moja. Swali la kilomita 900 nililiweka mimi ili mfano ukae sawa. Yeye anauliza ipi ni fupi kuliko zote. Mletee njia, atajumlisha ajue urefu wake, lakini jumla hiyo haimwambii kama hakuna nyingine fupi zaidi. Na uzito huu si amri ya kukata tamaa: mwaka 2006 programu iitwayo Concorde ilithibitisha njia fupi kuliko zote kwa vituo 85,900, bila kuikagua mipangilio yote. Ilichofanya ni kutupa mafungu makubwa ya mipangilio kwa mkupuo, kila mara ikithibitisha kwamba hakuna hata mmoja ndani ya fungu lile unaoweza kuishinda njia iliyokwisha kupatikana.