Wauguzi wa Lusikisiki



Tunapoikumbuka historia ya UKIMWI barani Afrika, mara nyingi huwa tunawataja mawaziri, mikutano mikubwa na wagunduzi wa dawa. Juma hili tumeona vema tuwakumbuke wauguzi wa kliniki ndogo za Afrika Kusini, waliobeba mzigo wa tiba kabla serikali haijawakabidhi rasmi.

Lusikisiki ni mji mdogo wa jimbo la Eastern Cape, uliozungukwa na vijiji vilivyotawanyika vilimani. Mwaka 2003 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, likishirikiana na idara ya afya, lilianza kutoa huko dawa za kupunguza makali ya virusi. Watu walikuwa wapata 150,000, hospitali moja, kliniki 12, na madaktari wachache mno. Kumngoja daktari kulikuwa ni kuingoja mauti. Basi wauguzi wakafundishwa kupima, kusoma hesabu ya chembe za kinga, kutibu kifua kikuu na kumwandaa mgonjwa kwa dawa za maisha yote. Daktari alizungukia kliniki kwa zamu. Siku nyingine muuguzi alibaki na foleni yake.

Haikuwa kazi nyepesi. Wakati ule dawa zilianzishwa chembe za CD4 zikiwa chini ya 200, hivyo wengi walifika wakiwa wamedhoofu kabisa. Mojawapo ya dawa hizo, stavudini, iliweza kuleta ganzi na maumivu ya miguu, na mara chache kuijaza damu asidi iendayo hata kuua. Muuguzi alipaswa kuzitambua dalili hizo mapema, huku nje wakimngoja watoto wa chanjo na mama wajawazito, maana kliniki ilikuwa ni ile ile.

Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja wa tiba, waliopotea bila kurudi kliniki walikuwa takriban 2 katika kila 100. Hospitalini walikuwa 19. Kliniki ilikuwa karibu na nyumbani, na mgonjwa alikuta watu wanaomfahamu. (Nauli ya basi nayo huua, ingawa haiandikwi katika cheti cha kifo.)

Kwingineko nchini, tangu mpango wa serikali ulipoanza mwaka 2004, mgonjwa alihitaji daktari ili aanzishiwe dawa. Katika jimbo la Free State foleni ya kumngoja ilikuwa ndefu. Kisha, Novemba 2008, fedha za dawa zilipokwisha, jimbo lilisimamisha kwa miezi kadhaa kuwaanzishia dawa wagonjwa wapya. Ndugu zetu, uamuzi ule ulifanyika ofisini, lakini aliyeutamka mbele ya mgonjwa alikuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyekuwa amemfundisha mtu huyo kumeza vidonge kwa saa, akamhimiza awaambie jamaa zake hali yake, na sasa ikambidi amwambie arudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tunaona kwamba hakuna sehemu ya historia hii iliyo chungu kuliko hiyo, na waliopitia humo hawakupewa hata nafasi ya kulia.

Katika jimbo hilo hilo, kliniki 31 zilikuwa zikishiriki katika utafiti uliowaruhusu wauguzi wa baadhi yake kuanzisha na kuendeleza dawa wenyewe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba vifo havikuzidi vile vya kliniki zilizomtegemea daktari. Serikali haikuyangoja. Kuanzia Aprili 2010 iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa, nchi nzima, kuanzisha tiba. Wapo walioipokea ruhusa hiyo kwa fahari, na wapo walioipokea kwa hofu, maana kosa likitokea hapakuwa tena na saini ya mwingine ya kujificha nyuma yake. Mishahara na vyumba vya kazi havikukua kwa kasi ya foleni.

Aprili 2013 vidonge kadhaa vikawa kimoja kwa siku. Septemba 2016 kikomo cha chembe za kinga kikaondolewa, na kila aliyekutwa na virusi akaweza kuanza dawa. Mara nyingi aliyemkabidhi kopo la kwanza alikuwa muuguzi.