Uzito wa Kila Siku

Wengi wetu tuliojifunza kubeba vyuma kwa makopo yaliyojazwa zege tulirithi sheria moja: leo vizito, kesho pumzika. Ndiyo maana habari za Ivan Abadzhiev wa Bulgaria hunishangaza mpaka leo.

Bwana huyu naye alikuwa mnyanyuaji, mshindi wa medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya mwaka 1957 huko Tehran. Alipokabidhiwa timu ya taifa mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyatupa mazoezi mengi yaliyozoeleka. Alibakiza machache: kukirusha chuma kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, kukipandisha mabegani kwanza ndipo juu, na kuchuchumaa nacho. Kila siku mnyanyuaji alipanda hadi kwenye uzito wa mwisho aliouweza, akapumzika kidogo, kisha akarudi tena.

Hoja yake ilikuwa kwamba mwili hujirekebisha kufuatana na kile unachodaiwa. Na kweli, mzigo unaokaribia kikomo huilazimisha mishipa ya fahamu kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, hata nguvu huongezeka kabla msuli haujanenepa. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye neno "kila siku".

Mwaka 1972, mjini Munich, Bulgaria ilijipatia dhahabu 3 na fedha 3. Nchi ndogo namna ile! Hapo dunia ikaanza kuuliza siri yake.

Lakini mimi siwezi kuisifu siri hiyo kwa moyo mweupe. Kwenye michezo ya Seoul ya mwaka 1988, Wabulgaria wawili walinyang'anywa dhahabu zao baada ya kukutwa na dawa ya kukojoza, na timu nzima ikajiondoa. Sasa nani atatuambia ni sehemu gani ya nguvu ile ilitokana na mazoezi? Tena waliovunjika magoti na migongo njiani hawahesabiwi. Orodha ya medali huwataja waliosalimika tu.

Aliyesalimika kuliko wote alikuwa Naim Süleymanoğlu, kijana wa Kituruki aliyezaliwa Bulgaria mwaka 1967. Serikali ilimbadilisha jina kwa nguvu, kama ilivyowafanyia Waturuki wenzake, naye akatoroka mjini Melbourne mwaka 1986. Ilisemekana Uturuki iliilipa Bulgaria zaidi ya dola milioni moja ili aruhusiwe kushindana Seoul. Huko, katika daraja la kilo 60, alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa, zaidi ya mara tatu ya uzito wake.

Abadzhiev na Naim walifariki mwaka mmoja, 2017. Dhahabu ya tatu ya Naim ilipatikana Atlanta mwaka 1996, alipomshinda Mgiriki Valerios Leonidis kwa kilo mbili na nusu, yaani visahani viwili vidogo, kimoja kila upande wa chuma.